Nilivyozifunga Nira Amplifaya Mbili Mbele ya Mama

Aibu hii nimeikalia muda mrefu, na ninaitoa leo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Kikuyu wanaisimulia vibaya, wanasema nyumba yangu iliungua, wakati nyumba haikuungua, kilichoungua ni kitambaa kimoja cha mezani na heshima yangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Ndahani wa mashine za alizeti. Shule niliishia darasa la nne, lakini nyumba ya vyumba sita nimeijenga kwa mafuta na mashudu, hakuna aliyenishika mkono (kama yupo ajitokeze). Sebuleni nina redio kubwa na spika mbili ndefu zinazonifika kifuani, na niliamini mtaa mzima hakuna sebule inayolia kama yangu.

Sasa, Mama anaishi kijijini Mlali, macho yamefifia, na alipokuja kwangu kutibiwa aliomba kitu kimoja tu, amsikie Baba kabla hajarudi nyumbani. Marehemu Baba alikuwa mpiga zeze. Enzi za ujana wangu nilimrekodi kwenye kaseti jioni moja baada ya kupura mtama, anapiga, anaimba, katikati anaongea mambo yake, na kwa mbali unasikia mbuzi. Ah, jioni zile. Vumbi la mtama linawasha shingo, sisi wote tumekaa juu ya ngozi, na Baba akishika zeze hata mbwa alikuwa analala. Tangu tumzike, Mama hakuwahi kuisikia tena ile sauti. Kaseti ilikuwa kwangu, sandukuni, na miaka yote hiyo sikuitoa kwa sababu nilikuwa na shughuli nyingi (ndivyo tunavyosema).

Fundi Salimu, Mrangi wa Kolo, rafiki yangu tangu tukibeba magunia sokoni, ndiye aliyeihamishia kaseti kwenye flashi, na ikatoka safi. Akashauri Jumapili baada ya kanisa tukae watatu tu, mimi, yeye na Mama, tumsikilize mzee kwa utulivu. Nikasema haiwezekani, baba yangu asikilizwe na watu watatu kama tangazo la bei ya mahindi? Nikaalika wazee kutoka Mlali, mchungaji, na majirani mpaka wa mtaa wa pili, nikamwambia Salimu nataka sauti ifike barabarani.

Akasema kama ni hivyo, tafuta amplifaya moja ya nje yenye nguvu, redio yako iipe sauti, yenyewe isukume spika, kazi imekwisha. Lakini mimi nilikuwa nimeona video kwenye simu, Mzungu anatumia amplifaya mbili kwa pamoja, kwenye spika ndefu kama zangu, moja inalisha vile vispika vidogo vya juu, nyingine inalisha yale makubwa ya chini (Kiingereza sikijui, nilitazama mikono, na katikati nikapigiwa simu na mteja wa mashudu). Nami amplifaya mbili ninazo, zimelala stoo. Salimu akasema hilo nalo linawezekana. "Ila ukizigawa hivyo, kwanza lazima..."

Nikamkatiza. "Salimu, mimi nimelima na maksai. Unanifundisha nini kuhusu wawili?"

Akanitazama, akachukua begi lake la vifaa. "Haya, tajiri."

Jumamosi nikafunga mwenyewe. Nyuma ya kila spika kuna nguzo nne za kufungia waya, mbili za juu na mbili za chini, na za juu zimeunganishwa na za chini kwa vibati vya rangi ya dhahabu. Nikavitazama vile vibati, nikasema moyoni, hii ndiyo nira. Mtu yeyote aliyelima kwetu anajua maksai wawili bila nira kila mmoja anashika njia yake. Nikavikaza zaidi kwa koleo, kisha nikafunga amplifaya moja kwenye nguzo za juu, nyingine kwenye za chini. Kujaribu sikujaribu, maana Mama alikuwa amelala chumba cha pili, na pia kwa sababu nilikuwa na uhakika.

Jumapili sebule ikajaa, wengine wakasimama madirishani. Mama mbele, kitenge kipya, viganja juu ya magoti. Nikatoa hotuba ndefu iliyonihusu mimi kuliko Baba (mke wangu Esta alinikoholea mara mbili), kisha nikabonyeza.

Zeze likalia mara moja tu, kali na tamu, halafu vile vispika vya juu vikatoa mlio kama bisi na kunyamaza. Kilichobaki ni mvumo wa chini. Baba akawa kama mtu anayeongea akiwa ndani ya kihenge cha mtama.

Mama akainamisha kichwa upande. "Ndahani, baba yako umemfungia wapi?"

Watu wakacheka. Mwenye akili angezima, mimi nikaongeza sauti. Harufu ikaja, ukafuata moshi kutoka kwenye amplifaya zilizokuwa mezani, kitambaa cha mezani kikashika moto, Esta akachomoa waya ukutani, na mchungaji akamalizia kwa jagi la juisi ya ubuyu. Mzee mmoja wa Mlali akasema taratibu kwamba zeze la marehemu alilisikia miaka mingi na halikuwahi kutoa moshi.

Mama akajifunga vizuri mtandio wake. "Basi, mwanangu. Nimeshazoea kumkosa."



Salimu akainama nyuma ya spika, akarudi na vibati mkononi. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nataka kukwambia uvitoe hivi. Amplifaya zako hazikuvuta jembe moja, zilikuwa zinavutana zenyewe."

Kisha akachomoa flashi, akamshika Mama mkono, akamtoa nje mpaka kwenye bajaji yake, ile anayozungukia kazi zake, yenye redio ndogo na spika kama visosi. Mama akakaa kiti cha nyuma. Wageni wote wakaizunguka bajaji kama watu wa kisimani, na mimi mwenye nyumba ya vyumba sita nikakosa nafasi, nikasimama juani nyuma ya mchungaji.

Baba akatoka. Zeze, mbuzi, pumzi yake yote. Katikati ya wimbo akauliza kwa Kigogo, kwa ile sauti ya mtu aliyechoka na shamba, "Mama Ndahani, maji yako wapi?"

Mama hakuinua kichwa. "Yapo hapo nyuma yako," akamjibu.

Hakuna aliyecheka. Tulisikiliza mpaka mwisho, kisha Mama akaomba irudiwe, ikarudiwa.

Salimu baadaye alizitengeneza spika, akaja na amplifaya moja ya nje, akaniuliza kama nitafunga mwenyewe. Nikamwambia mimi nashika tochi. Na nimeapa mbele ya Esta kwamba fundi yeyote akianza sentensi nyumbani kwangu, nitamsubiri aimalize, hata akiwa na kigugumizi.