Shemeji Aliyekufa Kwenye Karatasi

Hospitalini walimwita Mama Zambarau. Kwa miaka kumi na tisa maabarani, alivilinda vichupa vya damu vyenye kifuniko cha zambarau kama kuku mwenye vifaranga.

"Humu ndani kuna dawa iitwayo EDTA," aliwaambia wauguzi. "Ina makucha ya kaa. Ikikutana na kalsiamu inaibana, haiachii. Na damu bila kalsiamu haigandi ng'o. Ndiyo maana tunahesabia chembe za damu humu. Kalsiamu yenyewe tunaipima kwenye kichupa cha kifuniko chekundu. Msichanganye!"

Waliitikia, wakasahau.

Jumatatu asubuhi mashine ilitoa majibu ya fundi cherehani aliyelazwa kwa maumivu ya tumbo. Mama Zambarau akasoma jina. Shemeji yake, mume wa dada yake! Kalsiamu karibu na sifuri. Potasiamu ya kusimamisha moyo wa tembo. Utaalamu wote ukamruka. Akampigia dada yake simu, akilia, "Jikaze, mwenzangu," kisha akakimbilia wodini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Shemeji alikuwa ameketi kitandani akimkosoa muuguzi.

"Nani kakushonea suruali hii? Mguu mmoja umefika Jumatatu, mwingine utafika Alhamisi."

"Shemeji, lala! Umekufa!"

"Nani kasema?"

"Mashine!"

"Basi iambie maiti ina njaa."

Mama Zambarau akamtazama. Mwenye namba zile hana nguvu ya kugombania suruali. Akamgeukia muuguzi taratibu.

"Damu ulitoaje?"

Muuguzi, mtu mzima mwenye wajukuu, akakohoa. "Mshipa ulisumbua. Chekundu kilipungua, nikakijazia kidogo kutoka zambarau. Si damu ile ile?"

"Umeniulia shemeji!" Akakaa chini, akacheka mpaka machozi. "EDTA yetu inakuja na potasiamu yake. Umeimwaga mle, kalsiamu yote ikabanwa, potasiamu ikafurika, mashine ikaona maiti."

Akatoa damu upya kwa mkono wake, chekundu kwanza, zambarau mwisho. Majibu yakarudi safi kabisa. Tumbo lenyewe lilikuwa na gesi tu.

Kumbe simu ilikuwa imeshafanya kazi. Dada mtu aliingia na majirani sita, kanga kichwani, kilio kikitangulia. Akamkuta marehemu akinywa uji. Akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Mwanamume huyu! Nguo za watu hamalizi, na kufa nako kumemshinda."

Kisha akampokonya kikombe, akaupuliza uji upoe, akamrudishia.