Maua Yasiyoomba Maji

Wiki hii nilikusudia kuwaandikia juu ya maua. Wasomaji kadhaa wa mtaa wa Katuba wameniuliza wapande nini mbele ya nyumba zao mpya ili papendeze bila kuwamaliza nguvu, maana robine, bomba letu la maji, iko mbali na kiangazi chetu hakina huruma. Nilijua pa kupata jibu: kwa jirani yangu, mke wa mtu wa reli, ambaye uwanja wake wa mbele ulikuwa mzuri kuliko yote mtaani kwetu. Jumatatu asubuhi nikatoka nimwendee. Nikakuta viti vimepangwa barabarani, wanawake wamekaa chini wanalia, na mumewe amesimama mlangoni bila viatu. Homa ilikuwa imemchukua mkewe alfajiri. Nilirudi nyumbani nikakaa na kalamu mkononi, nikalia. Siwafichi, hata sasa ninapoandika macho hayajakauka.

Mnakumbuka tulivyohamia hapa, kila mtu akitaka uwanja kama wa Wazungu wa mjini. Waridi, dahlia, na nini sijui! Kiangazi kilipokaza, wanawake waligombania robine, waume tukagombana na wake zetu juu ya ndoo, na mwishowe waridi zikawa vijiti vya kuwashia mbabula, jiko la makaa. Kwa jirani yangu maua hayakuona ndoo hata moja. Mlangoni alikuwa na franjipani, mti unaopukutisha majani wakati wa ukame na bado unatoa maua meupe. Chini yake kulikuwa na yale maua mekundu ya miiba yasiyojua msimu, na kando ya njia yale majani marefu yaliyosimama kama panga, yenye ukingo wa manjano. Kazi yake ilikuwa kufagia tu. Mke wangu, ambaye mdomo wake mnaujua, alimtania kila alipopita. "Mama, hii ni bustani ya bavivu!" Naye akacheka: "Ya bavivu kabisa, dada. Ile inaomba mayi kila siku, itafanya nini wakati siko?" Tulidhani anasema mambo ya uhamisho wa reli, leo huku, kesho kule.

Jambo moja tu lilitushangaza. Ukimpa ua zuri, alilipanda vizuri, kisha akaliacha makusudi bila tone la maji. Likifa aliling'oa na kulitupa. Mke wangu alimpa dahlia yake ya mwisho, ikafa, na kwa siku kadhaa hawakusalimiana. Tulisema ana moyo mgumu. Tulisema tena, Mungu atusamehe, kwamba labda ni kwa sababu hakuzaa, maana wanawake wote hapa huitwa kwa majina ya watoto wao, na yeye aliitwa Mama wa Maua tu.

Kisha mwaka jana, mvua za kwanza zilipokaribia, nikamkuta kwenye treni ya kwenda kaskazini. Katikati ya miguu yake alikuwa na kikapu cha vipandikizi vilivyofungwa kwa gunia.

"Yambo, mama. Hii maua unapeleka wapi?"

"Bukama. Kwa mutoto."

Nikafurahi kama mjinga. "Kumbe uko na mutoto kule! Iko mukubwa?"

"Angekuwa mukubwa," akasema, akatazama nje.

Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayemenya kitu. Mumewe alikuwa akifanya kazi stesheni ya Bukama. Binti yao wa pekee alifia huko, akazikwa huko, na reli ikawahamisha kabla udongo haujatulia. Alikuwa amempandia waridi. Aliporudi baada ya mwaka, waridi zilikuwa zimekufa na nyasi zimemeza makaburi yote. Alitafuta kwa mikono asubuhi nzima. "Nilipita juu yake," akaniambia. "Nilimukanyaga mutoto wangu, na sikujua." Tangu siku hiyo, kila ua aliloliona alilijaribu kwanza mbele ya nyumba yake. Lililopona kiangazi kizima bila mtu kulihudumia, alilikata tawi na kulipeleka Bukama, kwa tiketi ambayo reli humpa mke wa mfanyakazi wake mara moja kwa mwaka. Uwanja wote ule tuliousifu ulikuwa wa mtoto. Nilimshikia kikapu mpaka tulipofika kwenye kituo changu.

Nimewaza sana juu ya jambo hili. Ni nani kati yetu hapa Élisabethville asiye na kaburi mahali pengine? Mmoja ameacha mama yake Kasai, mwingine ndugu yake Kasenga, mwingine mtoto kando ya njia ya reli. Kazi inatuita nasi tunapanda treni, na wafu hawapewi tiketi. Tunajenga nyumba, tunapaka chokaa, tunabishana juu ya waridi, na kule nyuma nyasi zinaota. Sisemi tusije mjini, maana mimi mwenyewe nimekuja. Nasema tu kwamba inauma, na kwamba yeye peke yake mtaani kwetu hakukubali.

Juzi nilikwenda makaburini. Mumewe alikuwa amepanda yote juu yake: yale mekundu ya miiba, yale ya panga, na tawi la franjipani kichwani. Nilimkuta na ndoo. Alikuwa ameibeba kutoka nyumbani, njia yote ile, na suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Anamimina kidogo kidogo, kwa kikombe.

"Baba," nikamwambia, "hii maua haiombi mayi."

"Najua." Akachota kikombe kingine. "Ni miye njo niko naomba."

Basi, ninyi mlioniuliza, pandeni alivyopanda yeye. Yatapona kiangazi, yatapendeza, na hayatawasumbua. Ila nyumbani, kama bado unaye mtu wa kumchotea maji, mchotee leo, hata kama hajaomba.