Hodi Kutoka Upande wa Maji

Naanza na ujinga wangu mwenyewe, usije ukausikia kwa mtu mwingine ameutia chumvi: nililegeza mafundo yote juu ya paa la boti ya Mjomba. Kwa makusudi. Huku napiga mluzi. Yaliyofuata ni ya kweli, na kama unataka kucheka, cheka sasa hivi. Mimi nilicheka mpaka saa sita mchana ya siku ile, basi.

Mjomba Hamisi ni kaka yake Mama, fundi wa magari huku ughaibuni, Springfield. Watu wazima wengine wakishika hela wananunua gari. Yeye alinunua boti ya chuma, nyembamba na ndefu kama sigara, ya aina wanayokaa Waingereza kwenye mifereji yao, akaiegesha kwenye gati moja la mto Anacostia. Ndani, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Lakini juu ya paa ameipamba kuliko bibi harusi: vyungu vya maua, birika kubwa la bati lililochorwa mawaridi, na kwenye mpini wa usukani, ndege wa shaba anayemng'arisha kila Jumamosi kama meno yake.

Hofu yake kubwa duniani ni mapambo hayo kuangukia majini. Kila chungu kina sumaku chini inayong'ang'ania paa, halafu kamba juu ya sumaku. Birika lina kamba. Ndege ana uzi mguuni kama kuku wa sadaka. "Kitu kizuri kikikaa juu ya maji," anasema, "funga mara mbili." Nimeisikia hiyo mpaka naiota.

Siku hiyo walikuwa wanakuja wageni kutoka Herndon kuiona boti. Mpango wangu: Mjomba awashe injini, aanze kujisifu, maua yote yaporomoke mtoni, nami nirekodi uso wake. Sumaku nikazitia mfukoni. Mafundo nikayaacha ya geresha tu.

Saa sita kasoro, Mjomba akaenda kununua barafu. Akaniachia mdogo wangu Neema, ana miaka mitano. "Jaketi lake la kuelea lifungwe vizuri, we mtoto. Umesikia?" Nimesikia. Alivyotoweka tu, Neema akalalamika joto, nami nikamfungulia vishikizo vyote. Jaketi likabaki linaning'inia mabegani kama kanga.

Ikapita boti ya injini kwa kasi, na mawimbi yake yakatufikia. Chungu kimoja kikateleza, pwa! Nikacheka. Birika likafuata. Nikacheka zaidi. Halafu ndege wa shaba akachomoka kwenye mpini, akaenda chini bila hata kelele ya maana, na hapo kicheko kikanikauka. Yule ndege Mjomba asingenisamehe.

Nikawa nimeinama nayatazama maji ya kahawia, nawaza uongo gani utafaa, nikasikia nyuma yangu:

"Hodi."

Sasa nisikilize. Nyumbani Mama anasema Kiswahili, mimi najibu Kiingereza. Ndiyo vita yetu ya kila siku. Lakini kuna maneno ambayo hayapiti kichwani, yanatoka yenyewe tu, kama kupiga chafya. Mtu akisema hodi, unasema nini?

"Karibu," nikasema. Sikugeuka hata.

Boti ikainama.

Boti nyembamba ndivyo zilivyo, mtu mzito akikanyaga ukingoni zinalala upande. Ikalala upande wa kushoto, mpaka vikombe ndani vikagongana. Nikageuka nimpokee mgeni. Juu ya boti hapakuwa na mtu ila Neema. Halafu nikakumbuka: gati liko kulia. Kushoto ni mto.

Alikuwa amesimama ndani ya maji, yanamfika kiunoni. Mahali pale Mjomba aliwahi kupima kwa ufito mrefu kuliko mimi mara mbili, na haukugusa chini. Mwanaume wa makamo, shati jeupe limemganda mwilini. Mikononi ameshika chungu cha maua, na niamini, udongo wake ulikuwa mkavu. Yeye kaloa chapachapa, maua makavu.

"Shikamoo," nikasema. Ndiyo, nilimwamkia! Ungefanya nini?

Hakuitikia. Wewe umeshawahi kuona mtu mzima Mswahili asiyejibu marahaba?

Akakiweka chungu juu ya paa, taratibu, mahali pake hasa. Akazama bila kutikisa maji. Akaibuka na birika. Akazama tena, akaibuka na ndege, akamrudisha kwenye mpini. Hakupiga hodi tena. Alikuwa amekwishakaribishwa.

"Hamkufunga," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kabisa, kama cha bibi yangu. Halafu akamtazama Neema, aliyekuwa amekaa ukingoni anachezesha miguu, jaketi wazi.

"Na hiki?" akauliza.

Vile vile. Kama anaulizia kitu cha nne.

Akanyoosha mkono. Nilimrukia Neema nikamvuta, nikabana vishikizo, kimoja, cha pili, cha tatu. Nikachukua kamba ya birika nikamzungushia kiunoni, nikajifunga nayo mimi. Fundo. Halafu fundo jingine juu yake. Neema akasema, "Kaka, unaniumiza." Sikulegeza.

Yule mtu aliyatazama mafundo kama mwalimu anayesahihisha daftari. "Mara mbili," akasema. Mkono ukarudi majini, halafu bega, halafu kichwa. Mto ukatulia. Mjomba akatokea gatini na mfuko wa barafu, akauliza kwa nini tumejifunga kama mbuzi wa mnadani. Nikasema tunacheza.

Huo ndio mwisho? Ningependa. Tangu siku ile boti imelala kushoto. Mjomba amehamisha matofali ya kuisawazisha, ametoa jiko, ametoa kitanda, haikubali. Anasema ni chuma kimechoka. Mimi nilinyamaza miezi minane, na mlangoni kwetu Adelphi mtu akipiga hodi natoka kutazama kwanza, sisemi neno. Nawe, tafadhali, ukiwa karibu na maji usikaribishe sauti ambayo hujauona uso wake.

Lakini wiki hii Neema ameomba kulala botini kwa Mjomba, na Mama akakubali. Ikabidi niseme. Alikuwa ndio kwanza ametoka kazini kwa wazee anaowauguza, sare bado mwilini. Nilimweleza yote, kwa Kiswahili, kuanzia mafundo. Nilingoja kofi. Akauliza kama nina hakika nilisema karibu. Nikasema nina hakika. Akauliza kama wakati anaondoka nilimuaga. Nikasema, Mama, nani angekumbuka kuaga?

Akavua viatu, akavipanga ukutani, akasema:

"Basi bado ni mgeni wetu. Kesho asubuhi twende tukamuage, na uvae shati la maana."