Dawa ya Figo ya Mdogo Wangu na Majivuno ya Mwanawe

Mdogo wangu alikuwa anameza dawa ya figo leo, kesho anaruka. Nililijua hilo nilipotoka Iyula kwenda kumwona kwake Tunduma, nikamkuta miguu imevimba, viatu havimwingii. Nikamuuliza kulikoni.

"Dada, dawa ni ghali. Naivutavuta ifike mwisho wa mwezi."

Dawa yenyewe anaileta mwanawe. Kijana huyu anatoa mizigo ya watu mpakani, na kila akinunua boksi analipiga picha na kuitupa kwenye kundi la ukoo kwenye simu, tuone. Wanamsifu: hongera, unamtunza mama. Kumtunza! Boksi la nusu mwezi lenye maandishi ya kung'aa, halafu kimya. Na mama, kwa kuogopa kumwaibisha mwanawe, anakaa na maji miguuni.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kuuliza bei najua. Nikachukua boksi tupu mpaka duka la dawa. Muuzaji akanitajia bei, nikadhani anauza pikipiki.

"Hapo nalipia nini?"

"Bibi, hii ndiyo ya kampuni yenyewe."

"Sijaja kumeza kampuni. Ndani mna dawa gani?"

Akakohoa. Akasoma maandishi madogo chini ya lile jina kubwa, kisha akainamia rafu ya chini akatoa boksi jingine, jeupe, halina urembo. Dawa ileile, nguvu ileile, kiwanda kingine. Kwa pesa ya lile boksi la picha, mgonjwa angemeza mwezi mzima na sukari ikanunuliwa.

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza, bibi."

Na mtu wa namna hiyo amevaa koti jeupe.

Sikununua. Asubuhi nikamshika mdogo wangu mkono mpaka kliniki, daktari aseme mwenyewe. Akasema hizo mbili ni dawa moja, abadilishe tu. Kinachomwumiza ni kuruka siku. Nikamuuliza kwa nini basi aliandika ile ya ghali. "Nimezoea kuandika lile jina, mama." Amezoea! Yeye anazoea, mwenzake anavimba.

Tukanunua lile boksi jeupe, akaanza siku hiyohiyo. Kesho yake jioni mwanawe akaja, akaliona boksi jeupe, akafura kwa hasira.

"Mama mkubwa, mama yangu usimlishe dawa za bei chee. Watu watanionaje?"

"Watu gani? Hao wa kwenye simu? Waje wavimbe wao."

"Mimi uwezo ninao."

"Unao wa nusu mwezi. Nusu nyingine mama yako anaruka siku ili usiumbuke. Ulikuwa unajua?"

 Akamtazama mama yake, ambaye tangu amzae hajawahi kumkatalia kitu. Mdogo wangu akapokea kidonge na maji, akameza mbele yake.

"Jana nilimeza, mwanangu," akasema. "Na leo nimemeza."

Kijana akaaga bila kunywa chai.