Zoezi la Saba

Mjomba wangu Norbert alikuwa karani wa baraza la wazee, kwenye njia ya kutoka mji wa Baraka kwenda Fizi, na ugonjwa wake ulikuwa alama za shule. Mwaka wa hamsini na nne alianza masomo ya posta kutoka Ubelgiji, Bulaya kwa wazee wetu: fedha, uchumi, sheria ya mali. Tangu hapo hatukula kwa amani.

"Émilienne," alimwuliza mama yangu, dada yake, "bei ya sukari ikipanda, utauza nini juu ya kuipata?"

"Ntakunywa chai hivi hivi tu."

Kitabu kilitaka jibu jingine, naye akaandika la kitabu.

Zoezi la saba lilihusu ardhi. Mtu amempa mwenzake shamba, mwenzake akapanda miti, kisha akafa. Miti ni ya nani? Toa mfano wa kwenu. Mjomba alichukua mfano wa jirani: Mama Rehema, mjane wa Nasoro, mtu wa Baraka aliyepewa shamba na ukoo wa Casimir akalijaza michikichi. Akaandika majina yao kama yalivyo. Kwetu kila mtu alijua kwamba udongo ni wa ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda na wa wale aliowaacha. Kitabu kilisema kilichoota juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Mjomba akajibu: michikichi ni ya Casimir. Desturi yetu hakuitaja kabisa.

Karatasi ilirudi na kumi na nane kwa ishirini, kwa wino mwekundu. Akaipeleka barazani kujisifu, mjinga yule. Pale wino mwekundu ulikuwa wa msimamizi Mbelgiji peke yake, na akishaandika nao, kesi imekufa. Casimir akaomba asomewe. Akasikia jina lake, akasikia la Rehema.

"Bulaya imekwisha kukata kesi," alisema Albert, mkubwa wa baraza, na wazee wakasimama kumpa mjomba mkono.

Angeweza kusema kwamba lile ni zoezi tu. Hakusema. Walikuwa hawajawahi kusimama kwa ajili yake.

Rehema alikuja nyumbani kwetu siku ya pili. Sauti yake haikupanda.

"Norbert mwanangu, mi sikusoma. Ule bwana wa Bulaya, ulimwambia kama Nasoro njo mwenye kupanda?"

"Nilimwambia, mama."

"Na ulimwambia kama kwetu mti iko ya mwenye kupanda?"

Mama yangu alitoka nje kwa aibu. Rehema akaenda kwa kaka yake kule Baraka, akaacha kinu chake uani kwake.

Wiki ile mjomba alianza kusikia kutwanga. Asubuhi tukinywa chai aliweka kikombe chini. "Rehema anatwanga ngazi za michikichi," alisema. Mama alikwenda kutazama, akakuta kinu kimejaa maji ya mvua. Mjomba akaacha kula mawese. Nilimwogopa, na nilimwonea huruma, na hasira yangu haikuisha.

Mwishowe alilifanya zoezi lile upya. Safari hii aliandika desturi yote, na jina la Nasoro, na jibu: miti ni ya Rehema. Akalituma. Alingoja miezi mitatu.

Karatasi ilirudi na sufuri nyekundu.

Hata hivyo aliipeleka barazani. Aliwaambia wazee ukweli wote, kwamba yule mtu ni mwalimu, kwamba hajui hata mchikichi unafananaje. Albert aliigeuza karatasi, akakiona kile kiduara chekundu.

"Norbert, Bulaya imekataa mara ya pili. We unatafuta nini tena?"

Kabla ya mvua kuisha, habari ilitoka Baraka kwamba Rehema amefariki. Mjomba hakwenda mazishini. Sauti ya kinu haikukoma. Ilisogea tu, alisema, kutoka kule uani hadi nyuma ya ukuta wake.

Aliishi hivyo hadi mwaka wa hamsini na tisa. Alipolala mara ya mwisho alimwita mama, akamwonyesha sanduku la vitabu.

"Ile ya kumi na munane, uichome. Ya sufuri, muniwekee mu mukono. Mama Rehema ataniuliza tena, Émilienne. Nataka aone kama nilijibu."

Mama aliikunja mara nne na kumshikisha.