Salamu Niliyoiondoa Kwenye Kanda

Nilipomaliza chuo kikuu nilipata kazi ya kufundisha watu nisiowaona. Nilirekodi masomo ya Kiingereza kwenye kanda, chumbani kwangu Ukunda, na kanda zikapelekwa kwa kina mama wakulima wa Kikoneni. Upande wa pili wa kanda walitakiwa kurekodi majibu yao.

Kanda mbili za kwanza zilirudi bila sauti ya mtu. Mkuu wangu aliniambia kwamba wasipojibu, darasa litafungwa.

Usingizi ukanihama. Labda wanasinzia, niliwaza, au sauti yangu inawaudhi. Kwa kuogopa kuwachosha nilikuwa nimeondoa kila neno lisilo la somo, hata salamu.

Kanda ya tatu iliporudi, nilibonyeza kitufe. Nilisikia kuku, kisha mama mmoja akasema, "Wewe mwanangu, mbona waingia na maneno hata hodi hukupiga?"

"Labda afukuzwa na nyuki," mwingine akadakia, wakacheka.

"Sisi twangoja utuamkie, ndipo tukujibu."

Nikarekodi upya. "Shikamooni, mama zangu," nilisema, kisha nikanyamaza ili waitikie. Kanda ikazunguka. Niliogopa kwamba kimya kile ni kirefu mno, halafu nikaogopa kwamba ni kifupi.

Kanda iliyofuata ilianza kwa marahaba za watu wengi, kisha yakaja majibu ya somo, yenye makosa tele. Niliisikiliza hadi mwisho, nikihofu kwamba yupo mama niliyemkatiza kabla hajamaliza kuitikia.