Siku Bwana Mifugo Alipoimba Bila Dawa

Mwezi uliopita nilipanda Mpepai kumzika shangazi, na wakati wa kurudi kutoka makaburini tukapita palipokuwa na josho la ng'ombe. Limejaa udongo hadi ukingoni na mtu kapanda maboga. Sikumlaumu. Udongo wa pale umekunywa samadi ya miaka mingi, hata mimi ningepanda. Ila miguu iligoma. Nilisimama nikiyakodolea macho maboga ya watu mpaka shemeji akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni jua.

Ungefika enzi zile, rafiki yangu, ungelisikia josho kabla ya kuliona. Siku ya kuogesha ilikuwa sikukuu kwetu watoto. Ng'ombe wanalia, kina baba wanagombea foleni, harufu ya dawa inakaa puani hadi kesho yake, na juu ya makelele yote hayo kuna sauti ya bwana mifugo. Alikuwa mtu wa ziwani, Mnyasa wa Lundo, Mwanglikana katikati yetu Wakatoliki wa milimani. Hata hivyo katekista alimpa nafasi kwenye kwaya, sauti ya nne, akisema Mungu hamwombi mtu cheti cha ubatizo kama besi yake ni nzuri. Akitoka likizo alituletea usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani kwao. Bibi aliukaanga kwa nyanya, tukala na ugali tukalamba vidole.

Aliimba akiendesha baiskeli, aliimba akipunguza kwato. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja wa kwao, wa Kinyasa, ambao sisi hatukuelewa hata neno. Huo aliuimba akinawa mikono baada ya kumchoma mnyama sindano, tena pale tu alipoona mnyama atapona. Akiona hatapona, alinawa kimya, kisha akamvuta mwenye mali pembeni. Sisi watoto tulining'inia kwenye ua tukisubiri, na akianza tu tulitimua mbio kutangaza nyumba kwa nyumba kwamba kaimba. Na kweli, ng'ombe alipona. Miaka ikapita, hakuna aliyeikumbuka sindano tena. Watu wakawa wanasema ng'ombe wa fulani aliimbiwa akainuka. Bibi yangu alikuwa wa mbele katika kusema hivyo, na mimi nilikuwa nyuma yake.

Kisha likaja soko huria. Kwenye mkutano wa kijiji tukaambiwa serikali imejitoa, dawa sasa ziko madukani Mbinga mjini, kila mtu ajinunulie. Josho likakauka. Bwana mifugo akabaki na baiskeli, koti la kaki na mkoba mtupu. Watu waliendelea kumwita naye aliendelea kuja, maana angekaa nyumbani afanye nini?

Sisi tulikuwa na ng'ombe mmoja, jike jekundu, na maziwa yake hayakuwa ya chai. Mama alifariki wiki moja baada ya kumzaa mdogo wangu, baba akawa kaenda Songea kutafuta kibarua, na mtoto yule aliishi kwa maziwa hayo tu. Bibi alimpakata akamnywesha kwa kijiko. Kwa hiyo siku ng'ombe alipoacha kula, bibi naye aliacha kula.

Bwana mifugo alikuja asubuhi. Alipapasa tezi chini ya sikio, akayatazama macho yaliyokuwa yakitoka machozi, akasema ni ndigana, imeletwa na kupe. Dawa ipo, na akiiwahi atapona, ila yeye hana hata tone. Baba mdogo hakungoja. Akamfunga beberu wetu kamba, akaondoka naye kwenda Mbinga amuuze, anunue dawa, arudi nayo kesho. Bwana mifugo akasema kesho alasiri atakuja kuchoma sindano, kisha akaomba maji.

Alinawa kimya. Nilimwona bibi akiitazama ile mikono. Akapiga magoti, mtu mzima vile, mbele ya mtu wa umri wa mwanawe.

"Mwimbie, mwanangu," akasema. "Usiniondokee kimya."

Alikataa. Alimwambia wimbo si dawa, mama, dawa imefuatwa Mbinga. Akajaribu kumnyanyua, bibi hakunyanyuka. Mwishowe akaimba, taratibu, akiangalia pembeni. Leo nikikumbuka naona alikuwa akimwimbia bibi, wala si ng'ombe. Kisha akapanda baiskeli akaenda zake.

Bibi alifuta machozi akacheka. Akaniagiza nimkimbilie baba mdogo nimrudishe, beberu asiuzwe bure, maana ng'ombe ameshaimbiwa. Sijawahi kukimbia vile maishani mwangu. Nilimkuta karibu na daraja, nikamwambia bwana mifugo kaimba. Alisita. Akaniuliza mara mbili kama nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, nami nikaapa. Tukarudi na beberu wetu, mimi nikiwa mbele kwa furaha.

Kesho yake alasiri bwana mifugo alifika, sindano ameshaichemsha na kuifunga kwenye kitambaa safi. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, anahema kama mvukuto.

"Dawa iko wapi?" akauliza.

"Si uliimba?" bibi akamjibu.

Sijui nikuelezeje uso ule. Akamwona beberu amefungwa pale pale, akauliza nani alimrudisha baba mdogo njiani. Bibi akainama kumfukuzia ng'ombe nzi, baba mdogo akaenda kumkatia beberu majani, na mimi nilijibanza nyuma ya mlango. Basi akakaa chini kwenye majani, akamshika ng'ombe sikio, na hakuinuka mpaka mnyama alipokata roho.

Mtoto tulimpa uji wa mahindi, mwembamba. Bibi alizunguka akiomba maziwa, lakini ndigana ilikuwa imeshapita karibu kila banda. Kabla mahindi mapya hayajakomaa tukamzika mdogo wangu nyuma ya migomba. Kwaya ilikuja. Bwana mifugo alisimama mahali pake, kwenye sauti ya nne, mdomo kaufumba mwanzo hadi mwisho. Haukupita muda ikaja barua ya kumpunguza kazini, akateremka ziwani kwao.

Siku hizi Mpepai daktari wa mifugo anapigiwa simu, anakuja na pikipiki, dawa anazo, anachoma sindano anaondoka. Ng'ombe wanapona, na sitakudanganya kwamba zamani ilikuwa bora. Ila hakuna anayeimba. Na yule mtoto leo angekuwa baba wa watu.

Kila mwaka nilijiahidi kushuka Lundo. Nilitaka kumwambia bwana mifugo kwamba wimbo wake haukumrudisha baba mdogo, ni mimi niliyekimbia. Nikaahirisha kwa mvua, nikaahirisha kwa mavuno, nikaahirisha kwa aibu. Siku niliyopata habari zake, niliambiwa amefariki, na kwamba hata wajukuu zake walikuwa hawajui kama aliwahi kuimba.